Ploti za Matuu na ploti za hewani: Kijana ajihadhari na nini katika ulimwengu pepe?

MTU anayesafiri kutoka Thika kuelekea Garissa ni vigumu afike Matuu bila kukutana na mabango ya ploti. Mji huu wa Yatta, Kaunti ya Machakos, ulio umbali wa takriban kilomita 100 kutoka Nairobi, umekuwa kwa miaka mingi soko la vipande vya ardhi vinavyouzwa kwa wakazi wa jiji na kwa Wakenya walio ng'ambo. Wanunuzi wamejifunza, baadhi yao kwa machozi, kwamba kabla ya kutoa hata shilingi moja sharti mtu azuru shamba lenyewe, ayaone mawe ya mipaka, achunguze rekodi katika afisi ya ardhi na kuwauliza majirani.

Mafunzo hayo yanafaa kukumbukwa wakati huu ambapo matangazo ya aina nyingine ya ploti huwafikia vijana wa mji huo kupitia simu zao za mkononi. Hiyo ni ardhi iliyo ndani ya tarakilishi, isiyo na vumbi wala mbigili, na ambayo muuzaji huahidi kwamba thamani yake itapanda kabla ya mvua ijayo.

Hapa tunazungumzia kile kinachoitwa ulimwengu pepe. (Neno "pepe", lile lile la barua pepe, limetokana na upepo, na sioni jina lililo bora zaidi kwa kitu kinachoweza kuvuma leo na kesho kisiwepo.) Ni mahali palipotengenezwa kwa programu za tarakilishi, ambapo mtumiaji hujichagulia umbo, hutembea, huzungumza na wengine, hujenga nyumba, hufungua duka na hata kununua kwa sarafu ya huko. Watoto wengi wa mijini wanapafahamu kupitia Roblox na Minecraft. Wazazi wao wamepasikia tangu Oktoba 28, 2021, siku ambayo kampuni ya Facebook ilitangaza kwamba imejibadilisha jina na kuwa Meta.

Hata hivyo, jambo lenyewe si geni. Ulimwengu pepe uliovuma zaidi kabla ya hapo, Second Life, ulifunguliwa na kampuni ya Linden Lab ya Marekani mnamo Juni 2003. Kufikia mwaka wa 2006, jarida la BusinessWeek lilikuwa limemweka kwenye ukurasa wake wa mbele mwanamke aliyejulikana huko kwa jina la Anshe Chung, ambaye mwishoni mwa mwaka huo alitangaza kwamba mali yake ya mtandaoni ilikuwa imepita thamani ya dola milioni moja. Shirika la habari la Reuters lilifungua afisi humo Oktoba mwaka huo huo na kumtuma mwandishi. Mnamo Mei 2007, Maldives na Uswidi zikafungua balozi. Sisi wa magazeti hatukubaki nyuma katika kushangilia.

Kilichofuata ndicho ambacho kijana wa Matuu anastahili kusimuliwa, kwani wauzaji wa leo hawakitaji.

Ndani ya Second Life palizuka benki. Iliitwa Ginko Financial. Ilikuwa na mashine za kutolea pesa, ilipokea akiba kwa sarafu ya huko iitwayo dola ya Linden, na iliahidi riba ambayo, ikijumlishwa kwa mwaka, ilizidi asilimia 40. Dola ya Linden ilikuwa ikibadilishwa kwa dola halisi za Marekani, kati ya Linden 250 na 300 kwa dola moja wakati huo, kwa hivyo akiba hizo zilikuwa pesa za kweli za watu wa kweli. Mnamo Julai 2007, Linden Lab ilipiga marufuku kamari. Wenye akiba wakaingiwa na hofu, wakakimbilia mashine, na mashine zikawa tupu. Kufikia Agosti, Ginko ilikuwa imeporomoka ikiwa na akiba zilizokadiriwa kuwa za thamani ya takriban dola 750,000. Hapakuwa na benki kuu ya kulalamikia, wala polisi, wala mfuko wa bima ya akiba. Linden Lab ilingoja hadi Januari 2008 ndipo ikapiga marufuku mtu yeyote kupokea akiba kwa ahadi ya riba bila leseni kutoka kwa serikali halisi.

Sasa mwaka huo wa 2007 utazamwe kutoka hapa kwetu. Mnamo Machi, Safaricom ilizindua M-Pesa. Kwa mtu asiyeelewa, M-Pesa nayo ilikuwa fedha pepe: tarakimu kwenye kioo cha simu, bila noti wala sarafu mkononi. Kwa nini basi mama anayeuza nyanya sokoni Matuu anaiamini M-Pesa kuliko kibweta chake, ilhali waliotia akiba Ginko waliondoka mikono mitupu?

Tofauti haiko katika teknolojia. Kila shilingi inayoonekana kwenye simu ya mteja wa M-Pesa sharti iwe na shilingi nyingine halisi iliyowekwa katika akaunti ya amana kwenye benki za biashara, akaunti ambayo kampuni yenyewe haina ruhusa ya kuitumia kama mtaji wake. Benki Kuu ya Kenya ilichunguza mpango huo kabla haujaanza, na imeendelea kuusimamia. M-Pesa haikuahidi riba. Iliahidi kwamba pesa zilizotumwa zitafika. Ginko, kwa upande wake, haikuwa na chochote nyuma ya tarakimu zake ila akiba za waliokuja baadaye.

Wakenya hawakuhitaji Second Life ili kuuonja uchungu huo. Katika miaka hiyo hiyo ya 2006 na 2007, miradi ya upatu wa piramidi ilienea nchini, na jopokazi lililoundwa na serikali likagundua kwamba hasara ilifikia mabilioni ya shilingi. Hila hizo hazijakoma, zimevaa tu mavazi mapya. Mnamo Februari 2022, programu ya simu iliyojiita Amazon Web Worker Africa, ambayo haikuwa na uhusiano wowote na kampuni ya Amazon, ilitoweka na pesa za Wakenya waliokuwa wameahidiwa malipo ya kila siku kwa kubofya vioo vya simu zao. Kwa hivyo, swali la kwanza ambalo mnunuzi wa ploti pepe, ishara pepe au sarafu pepe anapaswa kuuliza ni lile la mama wa nyanya: nyuma ya tarakimu hii kuna nini, na nani anakilinda?

Swali la pili linahusu hatimiliki. Wakili mmoja wa Pennsylvania, Marekani, Marc Bragg, alikuwa amenunua ardhi kadhaa ndani ya Second Life. Mwaka wa 2006 kampuni ilidai kwamba kipande kimoja alikipata kwa kutumia mwanya usio halali katika mnada, ikafunga akaunti yake na kuchukua kila kitu alichokuwa nacho humo. Bragg alienda mahakamani. Mnamo Mei 2007, Jaji Eduardo Robreno alikataa ombi la kampuni la kutaka mzozo huo upelekwe kwa msuluhishi, akisema kwamba masharti aliyolazimika kuyakubali mteja yalimwonea. Baadaye mwaka huo pande mbili ziliafikiana nje ya mahakama. Kwa sababu hiyo, swali ambalo dunia ilikuwa ikilingojea, yaani iwapo ardhi ya mtandaoni ni mali ya aliyeinunua, halikupata jibu la mahakama hiyo.

Bragg alikuwa wakili na alikuwa Marekani. Mnunuzi aliyeko Yatta atakuwa na nguvu gani, ikiwa masharti aliyoyakubali kwa kubofya mara moja yanasema kwamba mizozo yote itaamuliwa California?

Isitoshe, ulimwengu pepe wote huweza kufungwa. Google ilifungua wake, Lively, mnamo Julai 2008, ikaufunga siku ya mwisho ya mwaka huo huo. Microsoft ilifunga AltspaceVR mnamo Machi 2023. Majengo, mavazi na makumbi yote yaliyokuwemo yalizimwa pamoja na mitambo. Shamba la Yatta, hata likikosa mvua misimu minne, litakuwepo msimu wa tano.

Ilipofika mwaka wa 2021 historia hii ilikuwa imesahaulika. Mnamo Novemba mwaka huo kampuni moja ililipa takriban dola milioni 2.4 kwa kipande cha ardhi katika ulimwengu pepe wa Decentraland. Mwaka uliofuata bei zikaporomoka. Meta yenyewe, pamoja na uwezo wake wote, ilitangaza hasara ya dola bilioni 13.7 katika kitengo chake cha kazi hizo mwaka wa 2022, bilioni 16.1 mwaka wa 2023 na bilioni 17.7 mwaka wa 2024. Jumla hiyo, ikigeuzwa kuwa shilingi, inazidi bajeti ya serikali ya Kenya ya mwaka mzima wa 2025/2026. Wenye kampuni wanaweza kungojea matunda miaka kumi. Kijana aliyekopa kwa chama cha akiba na mikopo hawezi.

Serikali ya Kenya, kwa upande wake, imekuwa ikibadilisha sheria mara kwa mara, na ni vyema anayeingia katika biashara hizi ajue mahali mambo yalipofikia. Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta ushuru wa asilimia 3 kwa mauzo ya mali ya kidijitali kuanzia Septemba 1, 2023. Sheria ya Fedha ya 2025 iliuondoa na badala yake ikaweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwenye ada zinazotozwa na watoaji wa huduma hizo. Kisha, mnamo Oktoba 2025, Rais William Ruto alitia saini sheria ya kuwasimamia watoaji huduma za mali pepe, inayowagawia jukumu hilo Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mtaji. Ni hatua ya maana. Lakini msomaji asiichukulie kuwa bima: sheria inamsimamia anayeuza huduma, haimhakikishii mnunuzi kwamba alichonunua kitakuwa na thamani kesho.

Je, basi vijana waukimbie ulimwengu pepe? La hasha. Kosa ni kuingia kama mnunuzi wa ardhi ilhali mlango ulio wazi ni wa fundi.

Chukua mfano wa Roblox, ambako mtu yeyote anaweza kutengeneza mchezo au mavazi na kuyauza kwa sarafu iitwayo Robux. Kuanzia Septemba 2025, kampuni hiyo imekuwa ikimlipa mtengenezaji dola 0.0038 kwa kila Robux ya mapato anayobadilisha, na haibadilishi chini ya Robux 30,000. Hiyo ni dola 114, au takriban shilingi 14,700. Lakini mchezaji anayenunua Robux hizo 30,000 kwa bei ya kawaida ya simu nchini Marekani, yaani takriban dola 10 kwa kila Robux 800, hutoa dola zipatazo 375, takriban shilingi 48,000. Katika safari ya kutoka kwa mchezaji hadi kwa fundi, zaidi ya thuluthi mbili ya pesa imebaki njiani, na hapo hatujahesabu fungu ambalo kampuni hukata wakati wa mauzo yenyewe. Mkulima anayeuza maembe yake kwa wakala shambani atauelewa mpango huu bila kuelezwa mara mbili. Yeye pia huuza, kwa sababu wakala ndiye mwenye lori.

Kuna mambo kadhaa ya kimsingi ambayo matangazo hayasemi. Kwanza, programu ya kujengea michezo ya Roblox haifanyi kazi kwenye simu. Inahitaji tarakilishi ya mezani au kipakatalishi, na hapo ndipo ndoto nyingi hukwama. Kabla ya kununua kifaa, kijana anaweza kuanzia katika maabara ya chuo cha ufundi au kwenye saiba ya mjini, akijifunza kwa Blender, programu ya kuchora maumbo ambayo hupatikana bila malipo yoyote. Ufundi huo hauna mwajiri mmoja. Anayejua kuchora kiti kwa Blender anaweza kukiuza katika ulimwengu pepe, lakini pia anaweza kumchorea mjenzi wa Matuu nyumba ambayo mteja aliye ng'ambo ataiona kutoka pande zote kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Kusema kweli, kazi hiyo ya pili huenda ikamlipa mapema zaidi.

Pili, faili za asili zihifadhiwe nje ya ulimwengu wenyewe. Mnamo Novemba 2006, programu iitwayo CopyBot iliyoweza kunakili vitu vya watu wengine ilienea ndani ya Second Life, na wafanyabiashara wakafunga maduka kulalamika. Aliyekuwa na faili zake za kazi, zenye tarehe, alikuwa na cha kuonyesha. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hulinda michoro na programu za tarakilishi, na kazi inaweza kusajiliwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Tatu, ushuru. Tangu Julai 2023 malipo ya maudhui ya kidijitali kwa mkazi wa Kenya hukatwa asilimia 5. Kampuni ya ng'ambo ikilipa bila kukata, mapato hayo hayageuki kuwa siri kati ya fundi na simu yake. Yanapaswa kuonyeshwa kwenye ripoti ya mwaka inayowasilishwa kwa Mamlaka ya Ushuru kabla ya Juni 30 kupita.

Kuhusu watoto, ambao ndio wengi katika michezo hii, neno moja linatosha kwa sasa. Mchezo ambao mgeni anaweza kumwandikia mtoto ujumbe si sawa na kaseti ya katuni, na mzazi anayempa mtoto simu ili apate kutulia anapaswa kujua anatulia na nani. Kampuni nyingi zimeanza kudai picha ya uso ili kukadiria umri. Wakenya walikwisha kuona mwaka wa 2023 jinsi maelfu walivyopiga foleni jijini Nairobi ili macho yao yapigwe picha na Worldcoin kwa ahadi ya sarafu zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2, na mnamo Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe. Pesa zilitumika siku moja, kesi ikachukua karibu miaka miwili.

Ufundi wa ulimwengu pepe una historia hapa nchini, ingawa haisimuliwi sana. Mkenya Wesley Kirinya alitengeneza mchezo wa tarakilishi wa Adventures of Nyangi mnamo 2007, kisha akashirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha kampuni ya Leti Arts. Andrew Kaggia alitoa Nairobi X mnamo 2015, mchezo ambao mapigano yake yanatokea katika jiji tunalolijua.

Lakini mfano unaonigusa zaidi haukuwa wa biashara. Mnamo 2012, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, lenye makao yake makuu Gigiri, Nairobi, liliungana na kampuni ya Uswidi iliyounda Minecraft katika mpango uitwao Block by Block. Wazo lilikuwa jepesi. Ramani ya mhandisi haisomeki na kila mtu. Lakini mtu akikalishwa mbele ya tarakilishi na kuonyeshwa uwanja wa mtaa wake ukiwa umejengwa kwa matofali ya mchezo, baada ya muda mfupi ataweza kuondoa tofali hapa, kuweka taa kule, na kusema: choo kisiwe pale, kiwe hapa. Uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera, ulikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo kabisa kufanyiwa hivyo. Bustani ya Jeevanjee katikati ya jiji nayo ikafuata. Vijana, wazee, akina mama na wachuuzi waliketi katika vikundi, wakajenga, kisha wakasimama mbele ya maafisa na kueleza walichojenga na sababu zake.

Tofauti na Ginko au Decentraland, hapa hakuna aliyenunua chochote. Ulimwengu pepe ulitumiwa kama karatasi ya kuchorea ulimwengu halisi, na thamani iliyobaki ilibaki mtaani, si ndani ya mitambo ya kampuni. Iwapo mchezo wenyewe ungefungwa kesho yake, taa zilizowekwa zingeendelea kuwaka.

Matuu ina nini cha kuchorwa? Ni mji uliozaliwa na barabara, na barabara hiyo hiyo ndiyo hatari yake. Katika miji ya namna hii biashara husogea kadiri iwezekanavyo kuelekea lami, bodaboda, matatu na wachuuzi wakigombea ukingo mmoja, huku malori ya Garissa yakipita kati. Upande mwingine kuna mfereji wa Yatta, uliochimbwa miaka ya 1950 kwa mikono ya wafungwa wa Mau Mau na unaoleta maji ya Mto Thika katika nchi kame. Nani aliwahi kuwauliza wauza mboga wa Matuu wangependa kivuli cha soko kielekee upande gani saa nane mchana, au mahali ambapo mtoto anaweza kuvuka barabara bila kushikwa mkono? Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, lakini ushirikishaji mwingi umekuwa wa kusomewa nyaraka ndani ya ukumbi, kisha soda na sahihi.

Vijana watano wenye vipakatalishi viwili na programu isiyo na malipo kama Luanti, inayofanana na Minecraft, wanaweza kulijenga soko hilo pamoja na kituo cha magari kwa muda wa wiki chache, wakapima barabara kwa kamba, wakawaita wachuuzi wenyewe kuhamisha vibanda kwenye kioo hadi waafikiane. Kazi hiyo hailipi kwa dola. Ila wanaoifanya wataondoka na ufundi ambao kampuni yoyote ya michoro itautaka, na mji utakuwa na picha ya kuwekwa mezani.

Muda nao si mrefu. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30 ya kila mwaka. Mpango mkuu wa maendeleo wa kaunti unaotumika sasa ulitayarishwa kwa kipindi cha 2023 hadi 2027, na ule wa miaka mitano itakayofuata utaandikwa baada ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2027.